Shingo ya Nusucheko

Jina la Nusucheko alilipata shuleni. Alipocheka, upande wa kulia wa mdomo wake ulipanda kama wa watu wote, wa kushoto ukabaki pale pale, kama vile haujausikia mzaha. Mtoto mmoja akasema, "Huyu anacheka nusu," na kabla muhula haujaisha hata walimu walikuwa wakimwita hivyo. Mwanzoni alilia. Baadaye akalizoea, na alipokuwa mwanamke mzima akalifanya la kazi. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kila mwanafunzi mpya alikaribishwa kwa maneno yale yale: "Naitwa Nusucheko. Ukiendesha vizuri nitakuchekea nusu. Ukigonga kitu, hata hiyo nusu hutaiona."

Ndani ya gari hakuna aliyemdhania mwoga. Gari la shule lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine chini ya mguu wake yeye. Miaka mingi alikuwa amekaa kiti cha kushoto, watu wakimpeleka mitaroni, ukutani, na mara moja hadi kwenye mlango wa duka la vyombo, naye hapandishi sauti. "Breki," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Kilichomtoa jasho ni hospitali.

Alizaliwa na uvimbe chini ya sikio la kushoto, laini, wa kiasi cha limau. Ukiubonyeza unabonyea kama mfuko wa maji, ukiuachia unarudi. Haukumuuma. Lakini watu walimwangalia sana, na alipokaribia umri wa kuanza shule mama yake akampeleka hospitali wautoe. Wakapasua, wakautoa. Ila mshipa wa fahamu unaovuta pembe ya mdomo ulikuwa umepita katikati ya uvimbe ule, na siku ile uliumia usipone tena. Mama yake hakuwahi kuwalaumu madaktari kwa jina. Alisema tu, kila habari hiyo ilipozuka: "Nilipeleka mtoto mzima, nikarudishiwa nusu."

Nusucheko mwenyewe alikumbuka vipande. Barakoa ya mpira iliyonuka. Taa kubwa juu ya macho. Kisha kuzinduka, koo limekauka, kichwa kimefungwa bandeji mpaka haoni pembeni, na nje ya mlango sauti ya mama yake ikilia. Mtoto yule, kwa akili yake ya utoto, akaamini kwamba ameshakufa na kinachosikika ni kilio cha matanga yake. Akalala kimya akingoja kuzikwa. Muuguzi alipokuja kumgusa, alipiga yowe lililosikika wodi nzima.

Mtu hukua, lakini woga wa namna hiyo haukui naye, hubaki na umri wake ule ule. Akiwa kazini aliwazungusha wanafunzi kwa barabara ya nyuma ili asipite mbele ya lango la hospitali. Binti yake wa pekee alimzaa akiwa ameng'ang'ania mkono wa mumewe, na baadaye alikiri kwamba uchungu wa uzazi aliuvumilia. Kilichomshinda ni harufu ya dawa ya kupigia deki.

Basi mwaka aliotimiza arobaini, yakampata mafua makali. Yakaisha kama yanavyoisha. Lakini siku ya kwanza kurudi kazini alivuta mkanda wa kiti, ukapita begani kushoto, akahisi unagusa kitu shingoni ambacho hakikuwapo. Akapeleka kidole. Laini. Akabonyeza, kikabonyea. Akaachia, kikarudi.

Mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani alimuuliza mara mbili kama wanaondoka, naye hakusikia.

Hakumwambia mtu. Alianza kuvaa mtandio, kisha mtandio mzito zaidi, kisha akaacha kukaa upande wa dirisha kwenye basi. Uvimbe ulikuwa na tabia yake: siku nyingine unanywea mpaka anaanza kujidanganya kwamba umeondoka, siku nyingine unajaa mpaka mkanda unamkwaruza. Asubuhi akiwa bafuni alifungulia maji yatiririke, ili asisikike, akajipima sauti: "Klachi. Gia. Breki." Sauti ikitoka safi, anatoka kwenda kazini. Ikikwaruza kidogo, anasukutua koo na kuanza upya. Neno alilolikwepa hata moyoni lilikuwa saratani. Jirani yao mmoja alikuwa ameanza na kivimbe cha shingo, na jirani huyo hayupo.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Alirudi nyumbani mchana, unga masikioni, akaenda moja kwa moja kulala, na kwa kawaida hakuona kitu mpaka ameamka. Lakini mwoka mikate anajua kitu kinachoumuka. Siku moja aliukamata mtandio kwa ncha, akauvuta taratibu.

"Hii nini?"

"Baridi."

"Baridi gani inayokaa upande mmoja?"

"Ni mafua yamebakia."

"Mke wangu," alisema, "mafua hubaki puani. Twende hospitali."

Mke akamnyang'anya mtandio, akajifunga. Kesho yake, badala ya kwenda hospitali, alikwenda kwa mama yake. Alijua anakokwenda na alijua atakachoambiwa. Ndiyo maana alikwenda.

Mama akaweka kiganja chake kwenye shingo ya binti yake, akakiacha hapo muda. Macho yake yakawa kama ya mtu aliyefungua mlango akamkuta mgeni asiyemtaka.

"Umerudi ule uvimbe," alisema.

"Mama, unadhani ni..."

"Sidhani kitu. Hauumi?"

"Hauumi."

"Basi uache. Mwanangu hachinjwi mara mbili."

Wakanywa chai. Tangu siku ile woga wa mama na woga wa mwana ukawa kama ndugu wawili waliokula kiapo. Mume akisema hospitali, mke anasema, "Mama amekataa." Mama naye akiulizwa anasema, "Mwenyewe hataki."

Miezi ikapita hivyo. Kati ya wanafunzi wake wakati huo alikuwapo mjane mmoja mnene, mchangamfu, ambaye marehemu mumewe alimwachia gari lililokaa chini ya turubai mpaka paka akazalia humo. Wanawe walikuwa mbali. Akaamua, bora ajifunze mwenyewe. Alikuwa na bidii, alikuwa na heshima, na hakuwa na mkono wa kubadilisha gia. Alianza na gia ya kwanza na huko huko akaishia, injini ikilia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Nusucheko alimwita Bibi Gia Moja, naye alicheka mpaka machozi. "Mwalimu," alisema, "hiyo moja yenyewe nimeipata kwa dua." Kitu kilichomtisha kuliko vyote ni mzunguko wa barabara kuu. Akiuona tu kwa mbali anasimama, anafumba macho, anasema, "Leo hapana."

Siku yenyewe, Nusucheko aliamka na homa kidogo. Uvimbe ulikuwa wa moto na umekaza, haubonyei. Bafuni alisema "Klachi," akasikia sauti ya mtu anayezungumza kutoka chini ya mto. Alipaswa kubaki nyumbani. Lakini kubaki nyumbani ni kumwambia mume sababu, na kumwambia mume sababu ni hospitali. Akameza vidonge vya homa, akaenda.

Walikuwa katikati ya somo, kwenye barabara pana yenye maduka ya vifaa vya ujenzi, alipogundua kwamba mate hayashuki. Akameza tena. Yakashuka kidogo, kwa maumivu, kama yanapenya tundu la sindano. Akataka kusema, "Egesha pembeni," kikatoka kitu kisichokuwa neno.

Bibi Gia Moja akageuka kumtazama. "Mwalimu! Shingo yako!"

Akakanyaga breki katikati ya barabara. Nyuma yao honi zikaanza.

Nusucheko alishusha kizuia jua cha juu ya kiti chake, chenye kioo kwa ndani, akajitazama. Kuanzia taya mpaka mfupa wa bega, upande wa kushoto ulikuwa umejaa, ngozi imevutika inang'aa, nyekundu ikielekea zambarau. Kidevu chake hakikuonekana kinapoishia. Alijaribu kugeuza kichwa, hakikugeuka. Alitaka wabadilishane viti, aendeshe mwenyewe. Akafungua mkanda, akajiinua, dunia ikazunguka, akarudi kitini. Alijaribu kuurudisha mkanda kwenye tundu lake, ukakataa.

"Nikupeleke wapi? Nyumbani?"

Nusucheko akatikisa mkono: ndiyo, nyumbani. Hata pale, hewa ikipita kwa shida, alitaka nyumbani.

Mjane akamwangalia kidogo. Alikuwa amemuuguza mume mpaka mwisho, na sura ya mtu anayekosa pumzi alikuwa anaijua. "Nyumbani kuna nini?" alisema. "Kuna mume wa kukulilia. Hapana. Tunakwenda hospitali."

Gari likaondoka kwa kishindo. Gia ya kwanza. Injini ikapiga kelele, watu wakageuka kwenye vibaraza vya maduka. Nusucheko, macho yamemtoka, alinyoosha mkono akaushika mkono wa mwanafunzi wake juu ya gia, akagonga goti lake: klachi. Bibi Gia Moja akakanyaga. Mkono juu ya mkono wakavuta, gia ya pili ikaingia. Akagonga goti tena. Ya tatu. "Mungu wangu, ya tatu!" alipiga kelele mjane, huku jasho likimtiririka mpaka mdomoni. "Usife, mwalimu! Usife nikiwa kwenye ya tatu, sijui kushuka!"

Kisha ukatokea mzunguko.

Hakusimama. Hakufumba macho. Aliingia akipiga honi bila kuachia, akazunguka, akashindwa kutoka, akazunguka tena akiwatukana wenye malori kwa matusi ambayo Nusucheko hakutegemea kuyasikia kwa mama wa umri ule, kisha akapata upenyo akatoka. Nusucheko alikuwa ameegemea mlango. Aliweka mguu wake juu ya breki yake lakini hakuikanyaga. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa abiria, na alichokisikia ndani ya masikio kilikuwa mlio mwembamba wa pumzi yake mwenyewe, kama filimbi iliyozibwa. Akawaza: nikiacha kuusikia mlio huu, basi. Akausikiliza njia nzima.

Langoni mwa hospitali, lile lango alilolikwepa miaka yote, gari lilipanda ukingo wa maua likazimika.

Walimpokea kwa mbio. Kumbukumbu zake za hapo nazo ni vipande: mkasi ukikata mtandio, mtu akimwambia akae, asilale, sindano mkononi, nyingine, nyingine tena, barakoa ya plastiki ikimjia usoni, naye akiirusha, akiona ile ya mpira ya utotoni, mpaka muuguzi mmoja mwanamume akamshika mashavu na kumwambia, "Hii ni hewa tu, dada. Hakuna anayekulaza. Nitazame mimi." Kando ya kitanda waliweka sinia lililofunikwa kitambaa cha kijani. Kitambaa kilipojikunja aliona kilichomo: kisu kidogo, na bomba fupi lililopinda. Hakuna aliyemweleza ni la nini. Akajua mwenyewe kwamba pumzi ikikataa watamtoboa koo, akalishika kwa mikono miwili.

Sinia lile halikutumika. Dawa za kuua vijidudu na za kupunguza uvimbe zilifanya kazi polepole, na baada ya siku kadhaa aliweza kumeza uji, kisha kusema, kisha kuuliza. Neno la kwanza aliloliuliza ni lile aliloliogopa.

"Siyo saratani," alisema daktari wa upasuaji, mzee mmoja mwenye mikono mikubwa. Alivuta kiti akakaa, mumewe upande mmoja wa kitanda, mama upande wa pili. "Mwili una mishipa ya damu, na una vijia vingine vyembamba vinavyopitisha majimaji ambayo siyo damu. Yanaitwa limfu. Wewe uliumbwa, tangu tumboni, na vijia vya hapa shingoni ambavyo havikuungana vizuri. Majimaji yakakosa pa kwenda, vikawa vifuko. Ulipofanyiwa upasuaji utotoni, vilivyoonekana vilitolewa. Vilivyojificha vikabaki, vikalala. Safari hii vimeingiwa na vijidudu, na kimoja kimevujia damu kwa ndani. Ndiyo maana vimejaa ghafla."

Mama akauliza kwa sauti iliyokauka, "Sasa mnataka kumpasua?"

"Mimi kazi yangu ni kupasua, mama. Lakini hapa sipendi. Pameshapita kisu mara moja, kovu limeshikamana na mishipa. Nikiingia tena naweza kukata kinachofumbisha jicho, au kinachomwezesha kumeza. Yuko mwenzangu anayetibu vifuko hivi kwa sindano. Msikilizeni."

Mwenzake huyo alikuwa mwanamke mwembamba anayefanya kazi kwenye chumba cha picha, ambaye viatu vyake havikusikika. Hakupamba maneno. Alisema ataangalia shingo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile inayotumika kuwaangalia wajawazito. Ataingiza sindano kwenye kifuko huku akiiona kwenye kioo cha mashine, atanyonya majimaji, kisha ataweka dawa itakayochubua kuta za kifuko kwa ndani ili zigandamane, zishikane, kifuko kikose nafasi ya kujaa tena.

"Na ubaya wake?" aliuliza mume.

"Itauma. Huenda ikabidi kurudia zaidi ya mara moja. Vifuko vikubwa husikia dawa vizuri, vidogo sana ni vibishi. Na siku za mwanzo shingo itavimba kuliko ilivyo sasa, kabla haijapungua. Hilo nakuambieni mapema, msije mkaniita muongo. Tutakulaza hapa tukuangalie."

"Kisu kwa jina jingine," alisema mama.

Nusucheko aliuliza swali moja tu. "Nitalazwa usingizi?"

"Vifuko vyako vikubwa viko upande wa nje, mbali na njia ya hewa. Ukitaka, nitaganzisha ngozi tu, utakuwa macho."

"Nataka kuwa macho."

Wakamruhusu kwenda nyumbani vijidudu viishe, na wakampa siku ya kurudi. Siku hizo za katikati ndizo zilizomkondesha. Alikula kidogo, akalala ameketi, akijilazimisha kumeza mate kila alipokumbuka, na alikumbuka kila wakati. Binti yake alimsomea kutoka kwenye simu habari za watu waliopona. Alisikiliza zile za waliokufa tu, ambazo binti hakuzisoma, alizitunga mwenyewe kichwani. Mama alikuja na kusema, "Bado hujachelewa kukataa."

Siku ilipofika, walikaa kwenye benchi la chumba cha picha. Akaitwa mtu aliyemtangulia. Nusucheko akasema anakwenda msalani, akatoka, akapita msala, akapita dirisha la dawa, akashuka ngazi mpaka kwenye maegesho, akaingia kwenye gari lao, akafunga mlango, akashika usukani.

Mumewe alimkuta hapo. Hakufungua mlango wa dereva. Alizunguka akakaa kiti cha kushoto, akatazama mbele kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa awashe indiketa.

"Usinibembeleze," alisema Nusucheko.

"Sikubembelezi. Mimi mwenyewe naogopa." Akajifuta unga sikioni. "Tangu juzi natia chumvi mara mbili kwenye unga. Leo wateja wamenirudishia mikate. Mmoja ameniuliza kama nimehamia kwenye biashara ya nyama ya kukausha."

Akacheka nusu, bila kutaka. Kisha akaingiza ufunguo, kwa sababu kucheka hakukubadilisha kitu, bado alitaka kuondoka. Akavuta mkanda. Upande wa dereva mkanda hupita bega la kulia, haukugusa uvimbe. Lakini kugeuza shingo kuutafuta kulimkaza, mate yakakataa kushuka, na mara moja akarudi kwenye barabara ile, ndani ya ule mlio mwembamba. Alikaa akiwa na woga wa aina mbili, mmoja mbele yake, wa sindano, na mmoja nyuma, wa kukosa pumzi, na kwa mara ya kwanza ule wa nyuma ulikuwa mkubwa zaidi. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Akafungua mlango.

"Nishike mkono," alimwambia mumewe. "Nishike kweli kweli. Nikikimbia usiniache."

Alimshika hata ngazini, watu wakidhani ni mgonjwa wa akili na mlinzi wake.

Chumba kilikuwa cha baridi na nusu giza. Daktari alimpaka kitu kama uteute baridi shingoni, akaweka kifaa, na kwenye kioo yakatokea madimbwi meusi, moja kubwa, mawili ya kati, na kwa chini vitundu vingi vidogo kama vya mkate. Ndicho kilichokuwa ndani yake maisha yote. Alikiangalia kwa chuki na kwa mshangao.

"Sasa ganzi. Itachoma." Ikachoma. "Sasa naingia. Usimeze, usikohoe."

Aliambiwa asimeze, na hapo hapo akataka kumeza kuliko kitu chochote duniani. Machozi yakamtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni. Muuguzi, yuleyule aliyemwekea barakoa, alimpa vidole viwili avishike, naye akavibana mpaka vikapauka. Kwenye kioo aliona mstari mweupe ukilisogelea dimbwi kubwa, ukagusa ukingo, ukapenya. Hakusikia maumivu, alisikia msukumo. Bomba la sindano likaanza kujaa majimaji ya kahawia, kama chai iliyolala. Likajaa, wakabadilisha, likajaa jingine. Kwenye kioo dimbwi likasinyaa mbele ya macho yake.

"Sasa dawa."

Hii ndiyo iliyouma. Ilikuwa ya manjano, na ilipoingia aliisikia ikiwaka kuanzia shingo, ikapanda sikioni, ikashika meno ya upande ule yote kwa pamoja. Akaguna kama mnyama. Daktari hakumwambia pole. Aliendelea kufanya kwa utaratibu, akihesabu kwa sauti ya chini vifuko vilivyobaki, na utaratibu ule ulimsaidia kuliko pole. Kisha akasema, "Tumemaliza," na Nusucheko akagundua kwamba alikuwa hai na macho wakati wote.

Lakini alikuwa ameambiwa kuhusu siku za mwanzo, na siku za mwanzo zilikuja.

Kesho yake mchana shingo ilijaa kupita siku ile ya gari. Taya lilififia, sikio likasukumwa nje. Sauti ikazama. Wauguzi walipita mara kwa mara, wakamwangalia pumzi, wakasema, "Ni kawaida, tulitegemea," na kila waliposema kawaida yeye alitafuta kwa macho lilipo sinia la kitambaa cha kijani. Alipoliona juu ya kabati, hakuondoa macho hapo. Dawa ya maumivu ilipunguza moto, haikugusa hofu. Aliamini, kabisa, kwamba safari hii wamekosea, kwamba dawa imeingia pasipo pake, na kwamba wote wanajua na wanamficha.

Mama yake alikaa naye. Alikuja akiwa na neno lake tayari, "Nilisema," na alilisema mlangoni. Kisha akaiona shingo, na hakulisema tena. Alichukua kikombe cha maji na kijiko.

"Meza."

Nusucheko akakataa kwa macho: siwezi.

"Kidogo. Meza."

Maji mengi yakaishia kwenye shuka. Tone likashuka kooni. Wote wawili walisubiri kuona litafanya nini. Halikufanya kitu, lilishuka. "Tena," alisema mama. Walikaa hivyo mchana wote, kijiko kwa kijiko, bibi kizee na mwanawe wa miaka arobaini, hakuna anayemwambia mwenzake usiogope, maana mwenzake angejua ni uongo.

Siku iliyofuata uvimbe haukuzidi. Iliyofuata tena mtandio uliweza kuzunguka shingo. Alipotoka hospitali uvimbe ulikuwa umekuwa mgumu kama kisigino, jambo lililomtisha upya mpaka daktari alipomweleza kwenye simu kwamba ugumu ndio wanaoutaka, kifuko kinajifunga. Wiki baada ya wiki ukapungua. Akachomwa mara ya pili, ukavimba tena, ukapungua zaidi. Alirudi kazini. Bibi Gia Moja alikuwa ameshindwa mtihani wake, kwa sababu mkaguzi alimwambia aende polepole naye akaingia mzunguko kwa gia ya tatu.

Uvimbe haukuisha wote. Kimebaki kitu cha kiasi cha kokwa ya zeituni chini ya taya, na vile vitundu vidogo ambavyo sindano haiviingii; daktari amesema kuna vidonge vya aina yake, lakini vina masharti yake ya kupimwa damu kila mara, na kwa sasa watangoja na kutazama. Mdomo uko vile vile. Mshipa uliokufa haufufuki kwa sindano, na hakuna aliyemuahidi. Kila mafua yakiingia nyumbani, Nusucheko huhamia chumba kingine na kuongea na mumewe kupitia mlango. Bafuni bado hufungulia maji.

Mara ya tatu alikwenda peke yake, baada ya somo la asubuhi, bila kumwambia mama mpaka alipokwisha kuchomwa. Muuguzi alikuwa yuleyule. Alimtazama anavyotetemeka mpaka kitanda kinalia, akampa vidole.

"Dada, bado tu unaogopa? Mara ya tatu hii."

"Naogopa sana," alisema Nusucheko, akivishika. "Mwambie aanze."